Mtihani Unapoangukia Msimu wa Senene

Novemba ni mwezi mzito kwa mzazi wa Bukoba na Muleba. Mvua zimeshika, senene wanaanguka usiku, na mwezi huohuo watahiniwa wa kidato cha nne wameketi kwenye mtihani wa taifa. Msimu mdogo wa senene unarudi Aprili na Mei, na Mei ndiyo zamu ya kidato cha sita. Kahawa nayo inaanza kuiva wakati huohuo na kuchumwa miezi yote ya kiangazi. Dagaa hawajui muhula: wanavuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika, giza likirudi karabai zinarudi ziwani. Kalenda ya kipato chetu na kalenda ya Baraza la Mitihani hazijawahi kukaa meza moja, na anayebanwa katikati ni kijana wa miaka 16.

Nawaandikia wazazi, wanafunzi wenyewe, na wale wanaowapa kazi. Siji kusema mtoto asifanye kazi. Kwetu Buhaya mtoto asiyejua kupalilia kibanja, kupogoa migomba au kuchuma kahawa bila kuvunja tawi huonekana hajalelewa, na hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Ninachoomba tukubaliane ni kwamba kazi ya mwanafunzi ina kipimo, kipimo chake ni saa, na saa za usiku haziuzwi kwa bei yoyote.

Swali hili lilishachunguzwa hapahapa mkoani, jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Kati ya 1991 na 1994, Benki ya Dunia na Muhimbili walizitembelea kaya zaidi ya 900 za Kagera, tena na tena, wakiuliza nani analima, nani anaumwa, nani anasoma, na kwa saa ngapi. Kilichowaleta kilikuwa msiba. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walikuwa wamegundulika mkoani mwetu mwaka 1983, na watafiti walitaka kujua kifo cha mtu mzima kinaiacha kaya katika hali gani. Mwaka 2004 walirudi kuwatafuta watu walewale, wakiwafuata hata waliokwishahamia mikoa mingine na Uganda. Kisha Kathleen Beegle na wenzake watatu wakayapitia majibu hayo kuona watoto waliofanya kazi nyingi miaka ya tisini waliishia wapi.

Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2008, yanastahili kusomwa kwenye kila mkutano wa wazazi. Kwa wavulana, kazi ilipozidi kwa saa 5.7 hivi kwa wiki, miaka kumi baadaye kijana alikuwa amepoteza karibu mwaka mzima wa shule. Uwezekano wa kuishia kwenye kilimo na kuoa mapema nao ulipanda. Kwa wasichana hawakuona masomo yakipungua kwa kiasi cha kupimika, ila waliona uwezekano wa kuolewa ukiongezeka. Waliona pia kwamba mazao yakiharibika, wavulana husukumiwa shambani na wasichana huongezewa kazi za nyumbani.

Saa 5.7 kwa wiki hazifiki hata saa moja kwa siku. Hakuna mzazi anayeona kwamba amemwonea mtoto kwa kumwongezea kazi kiasi hicho, na ndiyo maana hasara yake huonekana wakati muda umeshapita. Watoto waliohojiwa enzi zile leo wanakaribia au wamepita miaka arobaini. Bila shaka wapo wanaosoma makala haya wakiwa na mwanafunzi wao wenyewe ndani ya nyumba.

Kabla ya kuzungumza na mtoto, tuzungumze na mfuko wa nyumba, kwa sababu mara nyingi mtoto hapeleki mguu wake kwenye kibarua kwa kupenda. Beegle na wawili kati ya wenzake hao, katika chapisho la 2006, walionyesha kwamba mazao yanapoharibika saa za kazi za watoto hupanda, na kwamba kaya yenye mali ya kushikilia haiwaumizi watoto wake kwa kiasi hicho. Sisi tunaijua hadithi hiyo kwa majina yake ya nyumbani. Tuliiona mnyauko ulipoingia kwenye migomba. Tunaiona kila mwaka kwenye butura, kahawa inapouzwa ingali ua mtini kwa bei ya huruma ili kuzima shida ya wiki moja. Kahawa ikiiva ni mali ya mtu mwingine, Januari inafika, sare na madaftari yanadaiwa, na kijana anaambiwa ajitafutie. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022, lakini viatu, daftari, nauli na chakula havikufutwa. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza unamhusu mzazi peke yake: kahawa ikilipwa, kabla ya bati jipya na kabla ya sherehe, nunua mbuzi wa Januari, au weka hisa kwenye kikundi kwa jina la mahitaji ya shule. Mbuzi huyo asiguswe Krismasi. Atakuokolea saa nyingi za mwanao.

Sasa saa zenyewe. Kaa na mwanao mezani na karatasi. Wiki ina saa 168. Kijana wa umri wake anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila usiku, kwa mujibu wa wataalamu wa usingizi. Tuseme 9, ambazo ni saa 63 kwa wiki. Shule pamoja na kwenda na kurudi, kwa anayetembea kutoka kijiji cha ndani, inakula saa 10 kwa siku, yaani 50. Kula, kuoga, kufua na sala, saa 3 kila siku, yaani 21. Kujisomea saa 2 kwa siku sita ni 12. Kazi za nyumbani zile za haki yake, kuchota maji, kuni, kukata nyasi za ng'ombe, kusaidia kibanjani, tuziwekee 10. Toa zote. Zinabaki saa 12.

Hizo 12 ndizo anazoweza kuuza, na hapo hatujampa nafasi ya kucheza mpira wala kukaa bure na wenzake, vitu ambavyo akili yake inavihitaji. Ukitaka afanye kazi saa 20, lazima useme wazi unazitoa wapi, kwenye usingizi au kwenye daftari, maana hakuna ghala jingine. Marekani, ambako wanafunzi wengi wa sekondari hufanya kazi za kulipwa dukani na kwenye migahawa, Laurence Steinberg na wenzake walilichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Utafiti wake na Sanford Dornbusch wa mwaka 1991 uliwaonyesha wanaofanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakiwa na maksi za chini na kujihusisha kidogo na shule. Kijana wa kule anafika dukani kwa gari na nyumbani anafungua bomba. Wa kwetu ana ndoo kichwani kabla jua halijachomoza. Kwake mstari wa hatari uko karibu zaidi, ndiyo maana nashauri kazi ya kulipwa isizidi saa 10 wakati wa muhula. Jumamosi nzima, basi. Likizo ni mlango mwingine: Juni anaweza kuchuma kahawa siku nyingi akapata hela ya kiatu, alale usiku wake wote, na asidhurike.

Usiku ndio unaonitia uchungu. Nenda kasimame karibu na mabati ya senene saa nane za usiku. Taa kali zimeelekezwa juu, jenereta inanguruma, mabati yamesimamishwa wima na mapipa yamepangwa chini yake. Senene wanafuata mwanga, wanagonga bati, wanateleza na kuangukia ndani. Kijana wa zamu hana pa kujiegesha. Anachochea majani mabichi ili moshi upande, anaondoa pipa lililojaa, anafunga viroba, anavilinda visiibwe. Macho yamekuwa mekundu kwa mwanga na moshi. Alfajiri mama na wadogo zake wanapokea zamu ya kuchambua, mbawa huku na miguu huku, kwa haraka, kwa sababu senene waliochambuliwa wana bei na lazima wawahi sokoni. Saa moja na nusu kengele ya shule inalia.

Mwalimu hahitaji kuuliza nani alikuwa kwenye mabati. Afungue madaftari. Mstari wa kwanza umeandikwa vizuri, wa pili umeanza kupinda, wa tatu herufi zinashuka chini ya mstari, kisha pana mchoro mrefu wa kalamu pale mkono ulipolala kabla ya mwenyewe. Ubongo hutumia usingizi kupanga na kuhifadhi yale yaliyofundishwa mchana. Kijana aliyekesha amepoteza mara mbili: leo hasikii, na ya jana hayakukaa. Kulala Jumapili mchana kutampumzisha mwili, lakini hakutamrudishia hesabu za Jumanne alizozisikia nusunusu.

Sheria nayo iko upande wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, ile isiyodhuru afya, makuzi wala masomo. Inakataza kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Miongoni mwa kazi za hatari inataja kwenda baharini, machimbo, kubeba mizigo mizito, na kazi za baa, hoteli na sehemu za starehe. Yeyote anayelijua Ziwa Victoria upepo unapogeuka usiku kati ya Kerebe na Goziba hahitaji wakili wa kumweleza kwa nini mtoto asipande mtumbwi wa dagaa.

Wapo watakaouliza: huyu kijana ana nguvu, anacheka, analeta hela, tatizo liko wapi? Liko moyoni, na moyo hautoi homa. Watu wetu husema "ana mawazo" na kuachia hapo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba nusu ya matatizo yote ya afya ya akili huanza kufikia umri wa miaka 14, umri uleule tunaoanza kuwatuma vijana wakatafute. Mtazame mtoto wako kwa majuma mawili mfululizo. Amekuwa mkali kwa mambo madogo? Ameacha mchezo alioupenda? Anakula bila hamu, au anashtuka usiku? Kichwa kinamuuma kila Jumatatu? Anasema maneno kama "mimi sina faida"? Hayo ya mwisho yakitoka usisubiri kesho. Usimwite mvivu na usimpige. Kaa naye kibanjani mkifanya kazi nyepesi pamoja, maana vijana wetu huongea vizuri zaidi mikono ikiwa na shughuli na macho hayatazamani, kisha muulize anachoka na nini hasa. Halafu nyamaza asikike.

Sitaki mtu adhani kila kazi inaumiza akili. Kijana aliyenunua viatu vyake kwa kahawa aliyoichuma mwenyewe hutembea kifua mbele, na fahari hiyo ni dawa. Kinachovunja moyo ni kazi asiyoweza kuisimamisha. Chukua bodaboda. Mwenye pikipiki anataka hesabu yake ya siku, mvua inyeshe isinyeshe. Mwanafunzi aliyeichukua kwa siri kwa ajili ya jioni tu anajikuta hesabu haijatimia, anaongeza saa moja, kisha mbili, hana leseni, anamkwepa trafiki, anamkwepa mwalimu, anamkwepa baba. Anaishi maisha mawili na yote mawili yanamdai. Mzigo wa siri na deni humchosha kuliko usukani. Kanuni yangu kwa wanafunzi ni hii, na naisema kwa msisitizo: usikubali kazi yoyote yenye hesabu ya siku. Kubali ile inayolipwa kwa kazi uliyoifanya, ikiisha inaisha.

Hela nazo zina hila yake. Elfu tano ya leo mfukoni huonekana kubwa kuliko cheti cha miaka miwili ijayo, hasa mwenzako aliyeacha shule anapokuja na simu mpya. Mwanangu, usimchukie mwenzako, lakini muulize baada ya msimu wa senene anakula nini Februari. Na wewe mzazi, fedha ya mtoto isiwe ya kulipia pombe yako wala deni lako. Mkubaliane mapema: hii ni ya daftari na viatu, hii ni yake ya matumizi, basi. Mzazi anayechukua yote humfundisha mtoto kuficha, na akishaanza kuficha hutajua tena anafanya kazi saa ngapi.

Kuna kundi ambalo hatulioni, wanaoishi geto. Shule za kata zimewasogezea wengi elimu, lakini kwa kijana wa kijiji cha mbali bado safari ni ndefu, hivyo anapangishiwa chumba karibu na shule akiwa na miaka 14 au 15. Jumapili anabebeshwa mkungu wa ndizi na maharage. Alhamisi vimekwisha. Hapo ndipo anapokwenda kufyatua matofali au kubeba mchanga, na si kwa tamaa ya simu, ni njaa. Kwa huyu hotuba ya nidhamu haina kazi. Wazazi watatu au wanne wa kijiji kimoja waungane, iwe Kaagya au Kamachumu, watafute nyumba ya mama mmoja mwenye heshima karibu na shule, wapeleke chakula kwa zamu katikati ya wiki, na wamwombe awe jicho lao. Gharama yake ni ndogo kuliko chumba cha kila mmoja peke yake. Tembelea bila taarifa. Kwa binti, naomba mzazi asikubali geto la peke yake hata kidogo.

Na kuhusu binti nina la ziada. Kazi yake mara nyingi haiitwi kazi. Anaamka kwanza, anapika, anaogesha wadogo, anamuuguza bibi, na hakuna anayemwandikia saa. Kwenye ile karatasi ya mezani hesabu saa zake kama za kaka yake, utashangaa. Halafu tazama anatumwa wapi. Usimtume mwaloni alfajiri kununua dagaa wa kuuza, wala kumsaidia mama lishe kwenye kambi ya wavuvi. Sote tunajua kwamba kwenye baadhi ya mialo samaki hawauzwi kwa fedha tu, na binti wa kidato cha pili hana nguvu ya kumkatalia mtu mwenye samaki na fedha. Kama yamekwishatokea na amepata ujauzito, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi shuleni baada ya kujifungua. Mpeleke. Asiye tayari kurudi darasani anaweza kusoma kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na kufanya mtihani wa maarifa, ule watu wanaouita QT.

Kwenu mnaoajiri, mwenye mabati, mwenye duka la Rwamishenye, mwenye shamba la Nshamba: muulize kijana anasoma wapi na kidato gani kabla hujampa kazi. Mlipe mkononi, siku hiyohiyo, kwa kiasi mlichopatana. Mwachie kabla jua halijazama. Akiwa mtahiniwa, mwambie arudi mtihani ukiisha, na umtunzie nafasi yake. Nimewaona matajiri wa senene wanaofanya hivyo, na vijana hao huwa ndio waaminifu kuliko wote.

Walioko vyuoni wana umri wa kujiamulia, kwa hiyo kwao nasema machache. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa masomo, likichelewa, usikimbilie kazi ya ulinzi wa usiku. Tafuta ya mchana iliyo karibu na chuo, na mwambie mshauri wa wanafunzi mapema kabla hujaanza kufeli. Kama kazi yako haiwezi kuachwa kabisa, kwa sababu una mama mgonjwa na wadogo wanne, chagua chuo kilichojengwa kwa watu wa namna yako. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa mwaka 1992 kwa kusudi hilo, kina kituo Bukoba, na shahada yake ni shahada. Kuchukua miaka sita ukiwa mzima ni bora kuliko kuvunjika katika mwaka wa pili.

Kwa mwanafunzi anayesoma haya akiwa amekwishazama: chagua mtu mzima mmoja. Anaweza kuwa mwalimu wa malezi, shangazi, padri, mchungaji, shehe. Mwambie mambo matatu tu: unafanya kazi gani, unalala saa ngapi, unamdai au unadaiwa na nani. Usianze na maksi. Ukishindwa kumpata mtu, piga 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto, ni bure. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri ana wajibu wa kukusikiliza, na kituo cha afya ni mahali pa kwenda kwa kukosa usingizi na mawazo mazito vilevile unavyokwenda kwa malaria.

Mwisho kuna jambo la kufanya mwaka huu. Mikutano ya wazazi ya Septemba hujaa habari za michango. Mzazi mmoja asimame aombe ajenda ya senene. Mkutano ukubaliane kwamba mtahiniwa wa kidato cha nne hakeshi kwenye mabati kuanzia Oktoba hadi karatasi ya mwisho, kwamba mwenyekiti wa kitongoji atawaambia wenye mabati, na kwamba kaya iliyokuwa ikitegemea mkono wake ipewe zamu ya kuchambua mchana ili isikose kitoweo wala kipato. Majina ya watahiniwa yako shuleni na wenye mabati wanajulikana kitongoji kwa kitongoji, kwa hiyo kazi ya kuwafikia ni ya jioni moja.